Kuni za Msiba wa Bibi Tusekile

Uyole, Mbeya
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Umeamkaje huko Kihesa? Goti linasemaje na baridi hii? Na kuku wa Mama Sanga wameacha kuparua bustani yako ya mboga, au bado mnarushiana maneno juu ya ua? Sisi huku ni wazima kabisa. Mkweo Neema anakusalimu, na wajukuu wako wanauliza lini utakuja kuwatengenezea togwa, maana ya mama yao wanasema haina ladha. Hilo usimwambie.

Barua hii ataileta Mama Atupele, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa kanisani kwetu, anayekuja Iringa kwenye harusi ya mpwa wake. Ndani ya bahasha kuna kitu kizito kidogo nimekifunga kwenye kitambaa. Nakuomba usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Najua utakifungua, lakini angalau nimeomba.

Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu unasema "haya, haya, salio lisiishe" hata kama aliyepiga ni mimi, na habari hii haitaki haraka. Mama, nilimtangaza mtu kuwa amekufa, kumbe yuko hai. Nilimtangaza kanisani, mbele ya waumini wote, kwa sauti hii hii uliyokuwa ukisema ni ya kuitia ng'ombe. Usishike kichwa. Imeisha vizuri, na tangu imeisha nalala usingizi mzuri. Ila ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Unajua tangu nimuoe Neema nasali kwa Waanglikana, na najua hujanisamehe kabisa. Ulisema mwanaume ndiye anayemhamisha mke, na wewe umebatizwa Mlutheri na utazikwa Mlutheri. Sawa. Huku kwetu kila Jumapili baada ya mahubiri watu wanapiga magoti, kisha mmoja anasoma majina ya wagonjwa, na baada yao majina ya marehemu, na watu wanaitikia. Miezi mitatu sasa msomaji ni mimi. Majina nayakusanya kwenye jumuiya zetu katikati ya wiki, nayaandika kwenye karatasi moja: wagonjwa upande wa mbele, marehemu upande wa nyuma.

Sasa, Bibi Tusekile ni jirani yetu. Ukuta wake na banda langu la matairi vimeachana hatua mbili tu. Ni mjane, mtu wa Rungwe, kiumri amekuzidi kidogo, na anaishi peke yake. Mwanawe mmoja tu, Ambakisye, anafanya biashara ya mchele kule Chimala. Mama, yule bibi ni wewe mtupu. Ukimpelekea mboga, kabla hujafika kwako ameshakurudishia mayai. Ukimuuliza anaendeleaje, anakuuliza tangu lini umekuwa daktari. Wiki ile alikuwa anakohoa sana, kikohozi chake nakisikia huku nikiziba pancha. Badala ya kwenda kumjulia hali, nikaandika jina lake kwenye orodha ya wagonjwa. Nikaona ujirani wangu wa wiki hiyo nimeumaliza.

Jumapili ile wagonjwa walikuwa wengi kwa sababu ya baridi. Upande wa mbele ukajaa, na jina la Bibi Tusekile, ambalo lilikuwa la mwisho, nikaliandika juu kabisa upande wa nyuma. Chini yake ndipo nikaanza marehemu. Kanisani nikasoma vizuri mpaka chini, nikageuza karatasi. Mdomo umeshazoea kwamba karatasi ikigeuka tunaingia kwa marehemu, nikasema tuwakumbuke wapendwa wetu waliolala katika Bwana, halafu jina la kwanza nikalisoma kwa nguvu: Tusekile. Watu wakaitikia. Na mimi nikaitikia, Mama, wala sikushtuka. Nilisikia kina mama wanaguna kule nyuma, nikadhani ni sakafu inawaumiza magoti.

Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza, wakati aliyetangaza ni jirani wa ukuta kwa ukuta? Kwa kawaida baada ya ibada tunabaki nje kwenye mnada, jogoo na ndizi ambazo watu wamezitoa sadaka zinanunuliwa palepale. Siku hiyo sikubaki. Dereva mmoja wa lori alinipigia simu kuwa amepasua tairi la nyuma, nikaondoka moja kwa moja kwenda barabara kuu. Kazi yenyewe ilinichukua kama saa mbili.

Niliporudi nikakuta uwanja wa Bibi Tusekile umejaa watu. Kina mama wamefunga vitenge kiunoni, wana mizigo ya kuni, ndoo za unga, maharage, na zile sufuria kubwa za kanisa. Wanaume wameshapanga mabenchi na kuwasha moto. Wengine wanalia kabisa. Nikajua bibi wa watu amefariki. Nikavua kofia, nikamwendea Mama Atupele, nikampa pole.

"Amefariki saa ngapi?" nikamuuliza.

Mama Atupele akafuta machozi, akanitazama. "We baba, unaniuliza mimi? Si wewe ndo umetangaza?"

"Nimetangaza nini?"

"Leo asubuhi. Kwenye marehemu. Umemsoma wa kwanza."

Nikatoa ile karatasi mfukoni. Mama, nilipoiangalia nikakaa chini kwenye kuni. Nikasema kwa sauti watu wote wasikie: nimekosea kusoma, Bibi hajafa, ni kikohozi tu. Mzee mmoja akaanza kucheka, mama mwingine akaniambia sina akili, na mwingine akasema ndiyo maana wasomaji wachaguliwe waliosoma. Hapo nilikubali yote, nikawa najichekea na mimi. Lakini Mama Atupele hakucheka. Alikuwa anautazama mlango.

"Sasa kama mzima," akasema, "na kilio chote hiki tumelia hapa mlangoni kwake, mbona hajatoka kutuuliza?"

Mama, yule mzee aliyekuwa anacheka akavua kofia tena.

"Mlango tumeukuta umefungwa," akaniambia Mama Atupele. "Tulikuwa tunakusubiri wewe. Tulijua ufunguo unao wewe, jirani."

Sikuwa nao. Sijawahi hata kuufikiria. Nikabisha hodi, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Ndipo nikasikia ukutani, chini kabisa karibu na sakafu: ko, ko, ko. Kitu cha bati kinagonga polepole.

Sauti ile niliijua, Mama. Niliisikia Jumamosi karibu mchana wote nikiwa bandani. Nilidhani anatwanga karanga. Tena niliongeza sauti ya redio.

Nilikimbia kuchukua chuma changu cha kubandulia matairi, nikakiingiza kwenye kitasa, mlango ukafunguka na kipande cha fremu. Tulimkuta sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Aliteleza Jumamosi asubuhi akichota maji kwenye ndoo, akashindwa kuinuka, akajivuta mpaka akapata blanketi na kikombe cha bati. Midomo imempasuka kwa kiu na miguu ya baridi kama jiwe la mtoni. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Akatuangalia, akaangalia nyuma yetu kule nje, kwenye kuni na sufuria na watu wote wale.

"Hao wote wamefuata nini?" akauliza, sauti kama ya mtu anayenong'ona.

Mama Atupele hajui kudanganya. Alipiga magoti pale sakafuni, akamshika mkono huku analia. "Tumekuja kukuzika, Bibi."

"Basi nipeni maji kwanza," akasema.

Tulimbeba kwa benchi lilelile la msibani mpaka kwenye gari, tukampeleka hospitali. Mfupa wa nyonga umepata ufa lakini haukukatika. Daktari alisema kwa umri ule na baridi ile, angekaa siku moja zaidi bila maji tungekuwa tunamlilia kweli. Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia, Mama, mtu mzima na ndevu zangu. Sijui nililia kwa aibu au kwa furaha. Nadhani vyote viwili.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau: mtu alishampigia Ambakisye asubuhi kwamba mama yake hayupo tena, kisha simu yake ikazima akiwa njiani. Alifika kutoka Chimala jioni na gari la kukodi, ndani kuna magunia mawili ya mchele wa msiba na shangazi watatu wanalia. Wakamwelekeza hospitali. Akaingia wodini akamkuta mama yake analishwa uji na Neema, huku anamkemea Neema kwamba uji hauna sukari. Alikaa chini palepale mlangoni. Alipopata nguvu akauliza, "Nani alitangaza?"

Nikasimama. Nilijua leo nachapwa. Yule kaka ni mtu wa kubeba magunia, na mimi unanijua. Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Akaniambia, "Kaka, ungenipigia kwamba mama ameanguka, ningesema nitakuja Jumamosi." Nikamshika mkono, huku namfikiria mtu mwingine.

Kesho yake ikaja shida ya kuni. Unajua mwenyewe, kuni ukishazipeleka msibani huwezi kuzibeba tena kichwani kuzirudisha kwako. Kina mama wakagoma kabisa kuzigusa. Unga nao vilevile, maharage nayo vilevile. Wengine wakasema hata kuzitumia si vizuri, ni kumwita mwenyewe aende. Walibishana mpaka Padre akaja, akawasikiliza wote, akasema, "Basi pikeni. Mlileta kwa ajili yake, mle kwa ajili yake." Jumamosi iliyofuata wakapika mchele wote ule wa Ambakisye, wakaita mtaa mzima, Walutheri wako na Wakatoliki na wasiosali popote. Kuni zilizobaki wakampangia Bibi Tusekile ukutani kwake. Amerudi nyumbani sasa, anatembea na fimbo, na kila nikipita ananiita: "Wewe, njoo uone, kuni za msiba wangu zinanipikia chai!" Anasema hajawahi kuwa na kuni kavu hivi tangu mumewe afariki.

Kusoma nilitaka kuacha. Padre akakataa, akanisimamisha Jumapili niseme kosa langu kwa mdomo wangu, na watu wakacheka mpaka na yeye akashindwa kuendelea na ibada. Bibi mwenyewe alinituma kanisani na maneno yake: nimtoe kwa marehemu, lakini kwa wagonjwa nimwache mpaka aseme yeye.

Na jambo la kwanza alilofanya aliporudi, Mama, kabla hata hajakaa, alimtuma Ambakisye akachonge ufunguo wa pili wa kitasa kipya nilichomwekea badala ya kile nilichovunja. Ufunguo huo unaning'inia bandani kwangu, kwenye msumari, juu ya redio. Kila asubuhi kabla sijafungua kazi naenda kumwamkia, ugonile Bibi, na siku akikawia kuitikia nafungua. Nikiwa sipo, Neema anaujua msumari. Mwanzoni Bibi aliona aibu, sasa nikichelewa kidogo ananigombeza.

Msalimie sana Baba Mdogo, mwambie lile jembe la kukokota nimelipatia fundi. Msalimie dada yangu Tumwimbilege, kama bado anakuja kwako siku za soko, na mwalimu wa kwaya yenu anayesema niliikimbia sauti ya besi. Mchungaji wako pia, mwambie sijapotea, nipo kwa majirani tu.

Sasa, Mama, fungua kitambaa. Kama ulishakifungua, basi unakiona. Ni ufunguo wa mlango wako wa mbele. Ulinipa siku naondoka kuja Mbeya, baba akiwa hai, ukasema ni nyumbani kwangu, siku nikija nisibishe hodi. Miaka yote hii nimeubeba kwenye pochi. Nilikuwa nikiushika najiona nipo karibu na wewe. Lakini masika yaliyopita ulipoteleza pale kizingitini ukakaa kwenye matope mpaka ukainuka mwenyewe, nilikuja kujua baada ya wiki tatu, tena ulinisimulia unacheka. Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu, Uyole.

Najua kuhusu kuku wa Mama Sanga. Najua kuhusu mboga. Najua alichosema siku ile, na wewe ulichomjibu nakijua pia, maana mtaa wote ulisikia. Lakini Mama Sanga yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwako, na mimi niko safari ya siku nzima. Nakuomba, tena nimepiga magoti kama hao Waanglikana wangu: leo hii, ukimaliza kusoma, vuka ua umpe ufunguo huu mkononi. Mwambie ni mimi nimesema. Usiku ukikasirika, kasirika, ila ufunguo ubaki kwake.

Nami nikija Krismasi nitabisha hodi mlangoni kama mgeni yeyote, na nitafurahi sana akinifungulia yeye.

Mwanao anayekupenda,
Baba Atuganile