Umeng'oa Mgagani wa Mkweo, Kisha Umenyamaza

Wewe Baba Ritha wa Nyasubi, mwanaume mzima na ndevu zako, unaogopa maneno kuliko unavyoogopa sumu! Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa kidole, na mwandiko wako huo kama kuku amepekua. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo, nikidhani macho yangu yameniongopea. Hayakuniongopea. Nimemwambia Martina wa hapa gazetini aichape yote bila kuipaka mafuta, ili na wengine wenye tabia yako wajione humo. Isomeni kwanza. Halafu mimi na huyu Baba Ritha tutaongea.

*

Mpendwa Bibi Holo, shikamoo. Naomba msaada wako kabla nyumba yangu haijabaki na maua peke yake.

Mimi naitwa Mabula, nimezaliwa na kukulia hapahapa Kahama mjini, kazi yangu ni kwenye karasha huko upande wa Geita, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na narudi nyumbani kila mwisho wa wiki kwa mke wangu Limi na mtoto wetu Ritha ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Bibi, usinicheke, mimi napenda maua. Ilianza kama mchezo, Mama Nurjahan mwenye duka la vitambaa alinipa kijiti cha waridi kutoka uani kwake akasema kichomeke tu, nikakichomeka kwenye dumu lililokatwa, kikashika, na siku lilipofungua ua la kwanza nililiangalia mpaka chai ikapoa, tangu hapo nikaongeza zinia, nikaongeza asumini, nikaweka na matairi ya kupandia, wenzangu kazini wananiita Bibi Harusi, na mimi nawaacha wacheke kwa sababu mtu ukishinda wiki nzima kwenye vumbi na kelele ukirudi ukakuta kitu chekundu kimekusubiri mlangoni unasahau.

Sasa baba mkwe wangu alifariki, na Limi ni binti pekee, tukakubaliana mama yake asibaki mwenyewe kule Maswa, akaja kukaa kwetu. Bibi, huyo mama namheshimu sana. Nilifundishwa na baba yangu kwamba mkwe hatazamwi usoni, hamli sahani moja, akija kwa njia hii wewe unapita ile, na ukiwa na neno unamtuma mkeo, basi hivyo ndivyo tunavyoishi, mimi nikiingia kwa mlango wa mbele yeye anatoka wa nyuma, na huo mlango wa nyuma ndio wenye bustani.

Hakukaa bure hata wiki. Alipanda mgagani, mchicha, kunde na maboga katikati ya maua yangu, na zinia zote aling'oa, nilimsikia kwa masikio yangu kupitia dirishani anamwambia jogoo wetu, "Wewe jogoo, hebu niambie, haya majani ng'ombe hawali, watu hawali, kazi yake nini hapa?" Niliumia lakini nilinyamaza. Waridi hakuligusa. Kusema kweli Limi aliniambia kwamba maji anayooshea mchele mama yake hamwagi, anayapeleka kwenye waridi, na kila nikiondoka kwenda kazini nakuta kwenye begi langu kuna kifuko cha nsansa, yale majani ya mboga aliyoyachemsha na kuyaanika, na karanga zilizotwangwa pembeni, mpaka wale wanaoniita Bibi Harusi wakawa wananipigia magoti niwaonjeshe. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, Bibi. Sikuwahi kufungiwa chakula.

Nikasema na mimi nimfanyie kitu. Udongo wetu ni mbuga, mweusi, mvua ikinyesha unashika jembe kama gundi na jua likiwaka unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia, na nilikuwa nimemsikia akilalamika hukohuko kwa jogoo, "Wewe jogoo, udongo huu unakaba mizizi, angalau ungepata mchanga kidogo." Kazini kuna malundo ya marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, laini kama unga, Athanas mwenzangu akasema chukua, huo unalainisha udongo wowote. Nikajaza viroba, nikapakia kwenye gari, na yeye alipokuwa kanisani nikaulima wote kwenye tuta lake, nikalisawazisha kama kitanda cha wageni. Aliporudi alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimejificha chumbani, nikacheka peke yangu.

Mboga ziliota. Tukala majani ya maboga, tukala mchicha, Ritha naye akala. Halafu mgagani ukaanza kuwa wa njano, na wiki hiyohiyo kazini wakaja watu wa kutufundisha usalama, wakasema marudio yana zebaki, ile tunayokamatishia dhahabu, wakasema ni sumu, mtu asithubutu kupeleka mchanga huo nyumbani kwake. Jumapili walipoenda kanisani wote niling'oa kila kitu kwenye lile tuta, nikatupa shimoni, nikafukia, nikanawa, nikakaa. Sikumwambia mtu. Waliporudi walikuta tuta tupu na waridi limesimama palepale linachanua.

Mama akamwambia jogoo, "Wewe jogoo, nimekukosea nini?" Akaingia ndani.

Sasa Limi haongei na mimi, anasema nimemfukuza mama yake kwa ajili ya maua, na mama ameshafunga mizigo, mwisho wa mwezi kaka yake, mjomba Edward, anakuja kumchukua arudi Maswa kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikisema ukweli Limi ataona nimewalisha sumu mama yake na mtoto. Nikinyamaza, mama anaondoka akijua namchukia. Na kwenda kwa mama mwenyewe siwezi, ni mkwe wangu. Nimefikiria hata kuling'oa waridi ili waone silipendi kuliko yeye. Nifanye nini?

Mabula, Nyasubi, Kahama

*

Baba Ritha, marahaba.

Acha waridi la watu! Limekukosea nini? Kosa umefanya wewe, unataka kulinyonga ua.

Tuanze na linalounguza, machozi yatasubiri. Zebaki. Mimi si daktari na sitakuambia mmepata madhara au hamkupata, hilo halijulikani kwa kutazamana. Kwa hiyo mnaenda hospitali, wote mliokula, na mtoto atangulie. Ukifika huko usiseme "tumbo linasumbua" kama mnavyofanya wanaume mkiona haya. Sema wazi: tumekula mboga zilizoota kwenye marudio ya dhahabu, tunaogopa zebaki. Mtoto anayeanza kukimbia anakaa na udongo mdomoni, wewe hujui? Unalijua hilo tangu wiki ile, na umekaa unaniandikia mimi barua yenye asumini na vijiti vya Mama Nurjahan! Hapo, ng'wana wane, mwanangu, ningekuwa karibu ningekuchapa na mwiko.

Tena umeng'oa majani ukadhani umemaliza. Mchanga je? Si upo palepale? Kuku wanapekua humo, mnakula mayai yao. Wafungie. Mayai myaache mpaka upate jibu la mtaalamu. Ile nsansa iliyoanikwa kutoka kwenye tuta hilo, hata kama ni tamu kiasi gani, itolewe ndani na hata kwenye begi lako, na wale wanaokupigia magoti kazini nao waambie walichoonja. Usichome kitu chochote moto, moshi wake ni balaa jingine, na wewe mtu wa karasha unalijua hilo kuliko mimi. Muite bwana afya na bwana shamba waje waone, wakuambie mchanga utolewe vipi na upelekwe wapi. Usiubebe ukaumwage mtoni au jalalani kwa Nyasubi nzima kula. Kutoa, utatoa wewe mwenyewe kwa mikono yako, na glavu na mabuti uvae. Huyo Athanas mshauri wako mwambie aje na koleo lake, hapo mdomo wake utafanya kazi ya maana.

Mkishasafisha, msiwe na haraka ya kulila lile tuta. Pandeni kwenye viroba, udongo wa kutoka mahali salama na samadi ya ng'ombe iliyolala vizuri. Mgagani kwenye kiroba unaota, mimi ninao hapa mlangoni kwangu Ngokolo, na ukitaka kuuona pita, lakini usichume.

Haya. Sasa mkweo.

Baba yako alikufundisha nusu, akaondoka na nusu nyingine. Heshima ya ukwe haikukataza kusema. Ilikukataza kukosa adabu. Kizamani mkwe asingelala kwako kabisa, leo dunia imegeuka mnalala paa moja, ni vizuri, wajane wangeachiwa nani? Lakini watu wale wa zamani hawakuwa mabubu. Mimi nina mkwe anaitwa Mwigulu, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, hajawahi kunitazama usoni tangu amemuoa binti yangu. Basi akija hapa anasimama nyuma ya ua wa minyaa, anamwambia mbuzi wangu, "Wewe mbuzi, nimesikia goti la mwenye mji linauma, dawa nimeileta iko kwa mke wangu." Na mimi namjibu mbuzi, "Wewe mbuzi, waambie waliokutuma kwamba goti limepoa, ila sukari imeisha." Sukari inaletwa. Mbuzi hajawahi kuleta sukari.

Umeelewa? Au mpaka nikuchoree?

Mkweo hakuwa anaongea na jogoo, mwanangu. Mama wa Maswa mwenye akili zake, amelima maisha yake yote, akamuulize jogoo kazi ya zinia? Alikuwa anakuuliza wewe. Alijua uko dirishani. Alitaka umjibu, "Wewe jogoo, hayo majani yananipumzisha macho nikitoka kazini," na zinia zako zingekuwa hai mpaka leo, maana mwanamke anayechukia maua asingelibebea waridi maji ya mchele. Alipomwambia jogoo angalau apate mchanga, alikuwa anakuomba. Wewe ukasikia ombi, hukujibu, ukaleta sumu kimyakimya kama mwizi, na aliposhangilia ukajificha chumbani. Ungetoka nje ukamuuliza jogoo, "Mchanga wa karasha unafaa?" angekujibu hapohapo kwamba mchanga usiojua ulikopita hauingii shambani. Hata mimi najua hilo, na dhahabu sijawahi kuishika.

Na ile Jumapili alipouliza, "Nimekukosea nini?" alikuuliza wewe. Mpaka leo anasubiri jibu. Kwa hiyo mizigo imefungwa kwa swali lisilojibiwa. Maboga ni kisingizio tu. Mwanamke amezika mume, ameacha nyumba yake, amepata mtoto wa kiume ukubwani, kila wiki anamfungia nsansa, halafu mtoto huyo anang'oa mboga na kumpa mgongo. Ningekuwa mimi nisingemsubiri Edward. Ningeshika njia kwa miguu.

Unasema Limi atakuona muuaji. Atakasirika, ndiyo, na atakuwa na haki, na utakaa kimya wakati anakufokea, hapo ndipo kimya chako kina kazi. Mwambie: nilitaka kumfurahisha mama yako, nikakosea kwa ujinga, nilipojua nikang'oa, nilipong'oa nikaogopa. Hayo ni maneno machache, hayajawahi kumuua mtu. Kitu kinachovunja nyumba ni mke kuambiwa na mganga wa hospitali jambo ambalo mumewe alilijua.

Maua yako endelea kuyapenda. Wanaokuita Bibi Harusi waache, wengi wao nyumbani kwao mlangoni kuna tope tu. Lakini mwachie mkweo upande wake wa uani, na akipanda boga likatambaa mpaka kwenye waridi, hilo boga lina haki, linatambaa, ndiyo kazi yake. Ua la boga nalo ni ua. Liangalie vizuri siku moja kabla chai haijapoa.

Sasa weka gazeti chini. Mfuate Limi jikoni umwambie yote, leo, kabla hajapakua. Kesho asubuhi mko hospitali. Mkirudi, zunguka nyuma ya nyumba usimame pembeni ya lile tuta, mgongo umeuelekeza mlangoni kama adabu inavyotaka, na umwambie jogoo kwa sauti ya mwanaume, maana mama hasikii minong'ono: "Wewe jogoo, hukunikosea kitu. Mchanga niliouleta ulikuwa na sumu, niliung'oa mgagani wako ili usife. Naomba usiende Maswa." Ukimaliza usikimbilie chumbani. Simama hapohapo, hata jua likiwaka, usubiri jogoo ajibiwe. Akiambiwa alete jembe, lete jembe.