Tope la Tangi la Zamani

Profesa,

Siku tulipokuzika makaburini Nyakiriba nilikulilia kwa machozi ya kweli. Leo nayataka yanirudie.

Miezi michache iliyopita nilitumwa kusafisha ofisi yako, nikakuta daftari lako la maabara. Nikafungua siku ninayoijua vizuri: maji safi yalituishia, nikauosha unga wetu mweusi wa kuhifadhi umeme wa jua kwa maji ya mvua, yaliyoshuka na vumbi la volkano kutoka kwenye bati hadi kwenye tangi la nyuma ya maabara. Ulinifokea! "Mama Hawa, umeharibu kazi ya mwezi muzima! Bon, tupa yote!" Nikakataa. Nikasema tupime kwanza. Tukapima, na unga ule wa machicha yaliyochomwa ya kiwanda cha bia cha Rubona, wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, ukashika umeme kuliko wowote tuliowahi kupika. Ukanishika mikono, ukacheka mpaka miwani ikaanguka. "We ni mukono yangu ya kuume!"

Na daftarini umeandika nini? "Leo nimeamua kujaribu maji ya mvua." Umeamua! Wewe uliyetaka nitupe! Miaka kumi na mbili nakuoshea vyombo, nakusagia unga, nakuombea kwenye swala, na jina langu hukuliona la kuandika hata pembeni. Huoni haya, Profesa? Ungekuwa hai ningekuuliza uso kwa uso. Umeniponyoka.

Basi sikia. Aliyekalia kiti chako aling'oa tangi la nyuma, akaleta jipya la plastiki. Tangu hapo unga haushiki umeme. Wanapika, wanaosha kwa maji ya mvua kama ulivyoandika, wanapima, bure. Wananiuliza, "Mama Hawa, Profesa alikuwa anafanyaje?" Nawajibu wasome daftari. Halisemi kwamba siku ile, na kila mara baadaye, niliteka chini kabisa ya tangi, pamoja na tope. Lingesemaje, na aliyeandika hakuwepo nilipoteka?

Tope lile nililikomba kabla tangi halijaondoka. Liko kwangu, ndoo mbili zimefunikwa.

Na bado nikipita mlangoni kwako nageuka nikusalimu. Yaani hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Kwaheri, Profesa. Mungu akusamehe, mimi bado sijaweza. Nakuahidi kazi yetu nitaimaliza, na jina lako nitaliandika, maana mimi siibi.

Litakuwa la pili.

Zaina, Mama Hawa wako