Boma la Owiti

Jumatatu, 8 Julai 1968
Nimemwosha Owiti tumbo tena. Chupa ya dawa kwenye karai la maji moto, mpira tumboni, maji yaingie, yakae, yatoke na uchafu ambao figo zake zimeshindwa kuutoa. Kutwa nzima. Baada ya hapo anakuwa mtu siku chache: anakula, anatania, ananiita Sista Mtaita. Kisha uso unavimba, tunaanza upya. Mgongo unaniuma.

Jumanne, 9 Julai
Kakataa uji. Ana jambo moyoni. Ni seremala wa Migori. Mwaka jana alipata shamba Lambwe, ila hajaweka boma lake huko. Nikamwambia apone kwanza. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto asiyejua kitu.

"Sista, nikikufa saa hii, watanizika kwa boma ya baba yangu. Bibi yangu na watoto watakuwa wageni kwa hiyo shamba."

Ameshajua kuwa haponi. Mimi ndiye ninayejifanya.

Alhamisi, 11 Julai
Nimemvaa Daktari. Hataki mgonjwa atoke. Nimebishana mpaka akavua miwani. Owiti aende Lambwe kesho akaweke boma, arudi Jumamosi aoshwe. Ahadi nimeitoa mimi. Najivunia, kusema kweli.

Jumamosi, 13 Julai
Nimekwenda Lambwe na gari la hospitali kumchukua. Nyumba imesimama, udongo bado mbichi. Waliijenga jana kwa siku moja. Baba yake mdogo aliwaongoza kama mila yao inavyotaka: mwana wa kwanza wa Owiti kabeba shoka, Owiti mwenyewe jogoo, mkewe Pilista moto.

Nikasema twende. Hakuna aliyeinuka. Baba mdogo ndiye aliyenieleza: mwenye boma jipya halali nje mpaka siku nne zipite. Akilala nje, boma limeharibika. Walidhani najua. Nami niliuliza wanajenga lini tu, basi.

Nimekasirika. Nikamwambia Owiti wazi kwamba bila kuoshwa hatafika mbali.

"Najua," akasema. "Keti kwanza, Sista. Wewe ndio mgeni wa kwanza kwa boma yangu."

Nikaketi. Akamwomba Pilista maji, kikombe kizima, akanywa yote mbele yangu, polepole. Wiki nzima nimemnyima kikombe hicho kwa ajili ya figo zake, nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Nimerudi Homa Bay na gari tupu.

Jumapili, 14 Julai
Sala haikupanda. Namkasirikia Owiti, baba mdogo, mila zao, na mimi mwenyewe zaidi. Daktari hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 15 Julai
Hakuna habari. Nimeangusha trei mara mbili.

Jumatano, 17 Julai
Baba mdogo amekuja asubuhi, kofia mkononi. Owiti alifariki jana alfajiri, usiku wa nne ukiwa umekwisha. Alilala nyumbani kwake siku zote nne. Wanamzika hapo hapo, na Pilista anabaki na shamba lake.

Nimelia stoo, mlango nimeufunga. Nimefurahi pia kwamba alifikisha siku nne, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma.

Mchana kitanda chake kimepata mama kutoka Magunga, uso umemvimba vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kupasha dawa moto. Nikaiacha, nikavuta stuli, nikamuuliza ana shughuli gani nyumbani inayomngoja. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kunieleza.