Mara Kumi na Moja

Ainabkoi, 11 Machi 2024

Mdogo wangu Mideva,

Bwana asifiwe. Huku baridi inatumaliza lakini tuko. Wewe na kile kifua, mnaendeleaje? Mtoto wangu Musimbi alipona mafua. Siku mbili tu za dawa zako na alikuwa anakimbiza kuku. Jana alianza tena kupiga chafya, nitumie zingine. Nimeambia kanisa lote mdogo wangu ni daktari.

Dada yako,
Edinah

Yamumbi, 15 Machi 2024

Dada,

Nimefurahi mko salama. Mimi ni mzima, ni miguu tu, kusimama kwa kemisti kutwa nikiuza dawa. Tembe ndizo hizi. Ponda nusu kwa uji. Akichangamka acha, zilizobaki weka. Usisumbuke kupanga foleni zahanati na mimi niko.

Mdogo wako,
Mideva

Eldoret, wodi ya watoto, 2 Septemba 2024

Mideva,

Natumai uko salama. Sisi hatuko. Musimbi anaharisha damu, hii ni wiki ya pili.

Daktari aliniuliza, “Mwaka huu amepewa antibiotiki mara ngapi?” Nikahesabu kwa vidole, vikaisha. Mara kumi na moja.

Akasema, “Mama, hizo haziponyi mafua. Zimeua viini vizuri vya tumboni, na hivyo ndivyo husaidia kinga ya mtoto kujifunza kumtambua adui. Sasa viini vibaya vimepata nafasi.”

Akauliza nani alinipa. Nikasema nilinunua sokoni. Alinigombeza mbele ya wamama wote.

Niambie ukweli. Ulijua?

Dada yako,
Edinah

Yamumbi, 9 Septemba 2024

Dada yangu,

Pole. Musimbi ameamkaje? Nimeandika hii barua mara tatu nikirarua.

Nilijua. Mwezi wa Januari, Oyugi, mwenye kemisti, alileta mtu wa kutufundisha. Huyo alisema mtoto wa mafua asipewe antibiotiki. Lakini wewe ulikuwa unaniita daktari, mimi niliyeacha shule kidato cha pili. Nilishindwa kukwambia hapana. Niruhusu nije nimwone.

Mdogo wako,
Mideva

Ainabkoi, 20 Oktoba 2024

Mideva,

Musimbi alitoka hospitali. Amebaki mifupa, na mtu akikohoa karibu naye, kesho yake analala mgonjwa. Nimeuliza kinga yake itarudi lini. Hawaahidi.

Jumapili ulisimama getini ukibisha. Nilikuona kwa dirisha. Musimbi aliuliza ni nani, nikamwambia ni mtu anauza sufuria.

Nilikuwa nakusifu kwa sababu nilikupenda. Hata ungekuwa unafagia hiyo kemisti, ningekusifu. Usije tena.

Mama Musimbi