Memori Haikatiwi Utepe

Leicester, Uingereza
Jumapili

Ndugu yangu Mutisya,

Nakusalimu wewe, Mwikali na watoto. Goti la mwaitu, mama yetu, linaendeleaje? Na mto bado una maji, au mmeshaanza kugombania zamu? Mimi mwili ni mzima, ila vidole vinapasuka kwa baridi ya stoo. Hayo yatosha, maana nina neno zito na sitaki kulizungusha.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba huko Kibwezi watu wanasema Kioko amekuwa mzungu, amewafungia watu wa kwao mlango wa kompyuta. Umeandika pia kwamba mama yetu ameyasikia hayo kanisani. Sasa nisikilize.

Unajua kila lori la bamia likitoka kwenu, ofisi ya kikundi chenu cha wakulima hututumia faili kwa laini ya simu: masanduku mangapi, ya mkulima gani, dawa gani ilipulizwa, bei gani. Faili isipofika kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni yetu hapa, masanduku hayatoki stoo. Zamani ilitumwa wazi, na neno la siri nalo wazi, kama kadi ya posta mkononi mwa karani. Mtu akaichungulia, madalali wakajua bei yenu kabla yenu, mkalia. Ndiyo maana kampuni ikaleta programu mpya inayofunga faili kwa kufuli kabla haijaondoka. Kufuli hilo liliwekwa kwa faida yenu.

Lakini kufuli lina uzito wake. Niliwaandikia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: modemu yenu inatosha, diski inatosha, prosesa inajikokota lakini itafika. Kilichopungua ni memori. Programu inataka megabaiti kumi na sita, mashine yenu ina nne. Ni vibao vyembamba tu, kila kimoja urefu wa kidole, fundi yeyote wa Nairobi anavipachika mkisubiri.

Mkaita harambee. Nilituma changu. Nilipopiga simu kuuliza kama memori imepatikana, akashika Mzee Kilonzo, mwenyekiti wenu.

"Kioko, kijana wetu! Tumenunua skrini. Kubwa kama dirisha la kanisa."

"Na memori, mzee?"

"Ile kitu ya kidole? Hebu niambie, mgeni wa heshima angekata utepe wa nini? Watu wametoa mbuzi, wametoa jogoo, halafu niwaonyeshe kidole?"

"Mzee, skrini haifungi kufuli."

"Mchungaji ameiombea hiyo mashine. Kazi yako wewe ni kufungua huko."

Nikasikia watu wakicheka nyuma yake. Chako kilikuwamo, Mutisya. Nakijua kicheko chako.

Haya. Kampuni ikatuma karatasi ya maswali kabla ya kufunga njia ya zamani: mnayo memori ya kumi na sita? Programu mmeijaribu? Mwenyekiti akajibu ndiyo mpaka chini, na wewe katibu ukatia sahihi na muhuri. Kwa hiyo siku iliyopangwa walifunga, wakiamini mko tayari.

Bamia zenu zilifika Alhamisi. Faili haikufika. Nilikaa mbele ya seva nikiiona mashine yenu ikibisha hodi, ikikwama katikati ya kufunga, ikikata, ikibisha tena. Jumamosi bamia zilikuwa zimelegea. Jumatatu zilikuwa na utelezi. Meneja akaniambia mimi nizitupe, kwa sababu nilianza kazi hapa kwa kubeba masanduku, na hata baada ya kujifunza kompyuta kwa fedha yangu mwenyewe, mgongo wangu bado wanaukumbuka. Kila sanduku lina namba ya mkulima. Ya mama niliyabeba mwenyewe. Mpunjabi mmoja ninayefanya kazi naye akaniuliza mbona nayapanga kwenye pipa la taka badala ya kuyamwaga.

Kutoka hapo nikaenda kwa meneja bila kunawa mikono. Nikamwomba afungue njia ya zamani kwa wiki mbili tu, memori nitainunua mimi na kuituma kwa ndege. Akaniuliza, "Bei zilipoibwa, ni nani waliolalamika kuliko wote?" Ni nyinyi. Kisha akanionyesha ile karatasi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, na jina lako chini, jina la baba yetu likilifuata. Mngesema hamna, wangewangoja. Kikundi kingine kilisema hakina, kikangojewa. Mimi huyo mnayeniita mzungu nikamrudishia karatasi yake, nikarudi stoo.

Kampuni imeamua kuwaacha: lori la mwisho litakuja kwenu mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo bamia zitachukuliwa kwa wakulima wengine. Barua rasmi inaenda kwa mwenyekiti, naye ataikalia mpaka mkutano mkuu upite, achaguliwe tena. Ndiyo maana sikupiga simu ya ofisi.

Mama hununua mbegu mapema. Mzuie leo. Mvua ya kwanza apande ndengu na kunde, vitu vya kuuzwa hapo sokoni. Paipu zetu za kumwagilia zing'oe uziweke nyumbani kabla kikundi hakijaanza kugawana mali. Kisha Jumapili simama kanisani, mbele ya hao waliosikia kwamba nimefunga mlango, useme ulichotia sahihi. Watu wengine nao wana mbegu za kununua, Mutisya. Usiposimama, nitamwandikia mchungaji.

Nisalimie Mwikali, shangazi wa dukani, na mjomba wetu wa Mbooni mwenye maembe. Mzee Kilonzo pia msalimie. Ni mtu mzima.

Mwaitu usimsomee barua hii. Mweleze kwa mdomo, akiwa ameshakula, na habari za masanduku yake ziishie kwamba yaliharibika njiani.

Mimi mdogo wako,
Kioko