Isale la Mama

Makumira, Meru
Novemba 1911

Kwa dada yangu mpendwa Ndeshi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Moshi, pamoja na shemeji na watoto. Je, yule wa mwisho ameanza kutembea? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imeanza, na ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike.

Dada, katika salamu za msiba nilikuambia mama aliondoka kwa amani. Naona haya hata kushika kalamu, maana si kweli.

Unakumbuka nilipobatizwa mama alisema hakuzaa mwana, kazaa mgeni. Tangu hapo hatukusemezana. Alipozidiwa, mjomba alinijia shuleni ninakofundisha, ameshika jani bichi la isale lililofungwa fundo. Akasema mama ananiomba radhi. Safari yake imefika, na hapa duniani alikuwa ametua mzigo tu apumzike. Waliotangulia wanamngoja, naye hataki kuwafikia akiwa na kinyongo cha mwanawe.

Wewe wajua, kwetu hata aliyeuliwa ndugu yake akiletewa isale husamehe. Lakini wazee wa kanisa walikuwa pale pale, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri kwamba masale ni mambo ya giza. Nikaogopa macho yao. Nikamwambia mjomba alirudishe, Mkristo hapatanishwi kwa majani. Loo, majivuno gani yale! Mjomba akaondoka nalo.

Jioni moyo ulinisuta, nikapanda mbio hadi nyumbani. Nikakuta wanawake wanalia. Mjomba akaniambia kwamba mama alipoona jani limerudi, alisema basi ataondoka nalo, atanisubiri njiani mpaka nifike. Wamemzika nalo mkononi.

Dada, kila nikisali namwona amekaa kando ya njia, wenzake wanampita. Mimi ndiye niliyemkalisha pale, mimi ninayefundisha watoto wa watu habari za uzima wa milele. Nimejaribu kumwambia kaburini kwamba nimemsamehe, nikashindwa kwa aibu.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mjomba anakusalimu.

Wewe ni wa tumbo lake, sina mwingine wa kumwendea. Ndani ya barua hii utakuta isale. Nimelifunga fundo mwenyewe, mbele ya wazee wale wale wa kanisa. Litakufikia limenyauka. Nakuomba, dada, usilirudishe.

Ni mimi mdogo wako,
Naftali