Dumu la Kitambaa cha Zambarau

Hooyo,

Amani iwe juu yako huko uliko. Sisi huku Waberi tuko hai, ila nimechoka, mama yangu. Nimechoka kusema.

Tangu tukuzike, wakubwa wa soko wanataka kuwahamisha akina mama wauza maziwa kutoka kwenye kibanda chenu chenye kivuli, wawapeleke kule juani. Maziwa ya ngamia yatachacha huko kabla ya adhuhuri. Wenzako walinichagua niwasemee, eti mwalimu anayefundisha watoto hotuba hawezi kukosa maneno. Kikao cha kwanza nilikuwa nayo tele, nimeyapanga vizuri. Wakubwa wakapiga miayo.

Kikao kilichofuata nikabeba dumu lako la njano, lile ulilolifunga shingoni kipande cha gauni lako la dira la zambarau ili magari yanayoleta maziwa kutoka Habaswein yasilichanganye na la mtu mwingine. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimjibu mteja aliyeuliza kama umetia maji: "Maneno mingi ya nini? Fungua, nusa." Basi nikafungua. Harufu ya ule moshi wa makaa uliokuwa ukilifukizia ili maziwa yasichache ikatoka, ile ile. Mwenyekiti, mtu mzima na ndevu zake za hina, akafuta macho. Uamuzi ukaahirishwa.

Tangu siku hiyo sina raha. Kikao kikikaribia, Eedo Habiba, mwenzako wa kibandani, hunipigia simu, akikutaja kwa jina kana kwamba ungali hai: "Leta dumu ya Dahabo. Hao watu bila kunusa hawasikii." Napeleka, nafungua, wanalainika, wanaahirisha tena. Wanafunzi wangu nimewafundisha hivyo hivyo: ukitaka kugusa moyo wa watu, waonyeshe kitu kinachoshikika. Sikuwaambia kwamba kitu chenyewe huisha. Kila nikifungua, unapungua, Hooyo. Juzi mwenyekiti aliinama, akanusa, akatazama saa yake. Nikanusa na mimi. Plastiki tupu. Nililia njia nzima, majirani wakadhani kuna msiba mwingine.

Nilitaka kulifungia kabatini. Lakini wewe hukuwa mtu wa kuacha dumu likae bure. Nikawasha makaa, nikalifukiza kwa mkono wangu, nikakohoa mpaka nikacheka, maana ulizoea kunitania: "Moshi unakujua wewe tu." Kisha nikalipandisha gari la Habaswein.

Limerudi leo asubuhi, limejaa maziwa. Harufu si yako; nimelichoma kupita kiasi. Kesho ndiyo wanakata shauri, na safari hii sitawanusisha kitu. Nitawamiminia wanywe, halafu waseme maziwa haya yapelekwe juani.

Pumzika, Hooyo. Mungu akurehemu. Nakuahidi kitambaa hiki hakitafunguliwa shingoni mwa dumu nikiwa hai.

Dereva wa leo ni mgeni. Huko walimpa jina lako tu, hawakumwambia kwamba umefariki. Alilishusha dumu, akaita hadi soko zima likageuka: "Dahabo! Dahabo iko wabi?"

Nikaitika.